Kifungo cha Pili

Jumatatu, tarehe 2 Machi

Kwako uliyeandika kuhusu shati jeupe,

Shikamoo, kama umenizidi umri. Kama hujanizidi, basi nirudishie tu shikamoo yangu.

Barua hii nimeitia kwenye mfuko wa koti langu la kazini. Pale kaunta kwenu kuna bango linalosema kila kitakachokutwa mfukoni kitawekwa kwenye bahasha na kurudishwa kwa mwenyewe. Nikajiambia: nyuma ya ule ukuta kuna mtu ambaye kazi yake ni kupekua mifuko, na huenda mtu huyo ndiye wewe. Kama siye, tafadhali uliyeikuta, mpelekee mwenzako anayeandika mashairi.

Mimi ndiye niliyesoma shairi lako Jumamosi, kwenye chumba cha juu cha maktaba. Kanuni yetu uliisikia: kila mtu anatumbukiza shairi lake kwenye kopo la biskuti bila jina, kila mtu anachota la mwenzake na kulisoma, na mwenye shairi anakaa kimya asijulikane. Hakuna kuuliza ni la nani. Aliyesoma huondoka na karatasi. Nilichota lako. Lilikuwa nyuma ya kikaratasi cha kupokelea nguo chenye mhuri wa duka lenu, ndipo nikajua pa kukutafuta.

Nilipoona "Shati moja, jeupe. Mfuko: makombo ya biskuti, na yeye ni mtu mzima," nikajua ni utani. Nikabana pua, nikasoma kwa sauti ya karani aliyechoka. Watu walicheka mpaka yule mwalimu mstaafu akavua miwani akajifuta macho. Nilipomalizia, "Kifungo cha pili: kimelegea. Tena. Sijui huyu mtu huvaa shati au hupigana nalo," walipiga makofi, nami nikarudi kwenye kiti changu kichwa kimenivimba.

Jana nilikuwa nafungua daftari langu nikachomwa kidole. Ilikuwa pini yako. Na kwenye pini hiyo, nyuma ya kikaratasi nilichosoma, kulikuwa na cha pili, kimeng'ang'ania cha kwanza kama ngozi na nyama. Nilikisoma nimekaa sakafuni, na sikuinuka upesi.

Kumbe nimesoma nusu ya shairi lako, na hata hiyo nusu nimeisoma vibaya. Naomba uniambie nimeharibu nini.

Fundi wa lenzi,
koti namba 41


Ijumaa, tarehe 6 Machi

Mdogo wangu wa koti namba 41,

Marahaba. Nimekuzidi, na si kidogo: nina miaka arobaini na minne. Na ni mwanamke, nakwambia mapema usije ukaniota na kipara.

Mfukoni mwako nimekuta barua, peremende mbili zilizoyeyuka, na kipande cha kioo. Kioo, mwanangu! Siku utakayonikata mshipa utafuliwa na nani?

Sasa nikuulize. Kazi yako kutengeneza miwani watu waone, na wewe mwenyewe karatasi mbili umeziona moja? Nimecheka peke yangu hapa kwenye pasi mpaka Bosi akachungulia kutoka kaunta kuuliza kama mvuke umenipanda kichwani.

Hujaharibu kitu. Walicheka, si vibaya, dunia yenyewe imenuna. Hicho kikaratasi cha pili kichome moto. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kuja kwenu na ndiyo ya mwisho.

Doa la mkono wa kushoto limegoma kutoka. Acha kupangusa mashine kwa mkono wa koti.

Dobi


Jumatatu, tarehe 9 Machi

Dada Dobi,

Shikamoo. Sijakichoma. Nilikiweka mezani na kiberiti kando yake, nikakisoma tena, nikakirudisha kiberiti jikoni.

Unasema sijaharibu kitu, lakini mtu ambaye hakuharibiwa kitu hasemi "ndiyo ya mwisho."

Nina maswali na yananiwasha. Kwenye kikaratasi cha pili umeandika hivi, nanakili ili ujue nimekisoma vizuri safari hii:

Nakishona kwa uzi maradufu, kwa fundo la Mama,
Mama aliyetushona vifungo tukiwa tumevaa
na kutuambia tusipumue.
Siku ile nilisema mbele ya watu
kwamba amekufa na mtoto mmoja.
Nilihesabu vibaya.
Tulikuwa wawili, na mmoja alikuwa njiani.

Swali la kwanza: mwenye shati alikuwepo pale chumbani? La pili, samahani, ni la kifundi: kama unashona kwa uzi maradufu na fundo la mama yako, kwa nini kifungo kinalegea kila wiki? Kazini kwetu skrubu ya miwani ikilegea mara moja ni bahati mbaya. Ikilegea kila wiki, kuna sababu, na sababu hiyo ina mwenyewe.

Na nikuambie langu, tusiwe tunachimba upande mmoja. Kwenye lile kopo natumbukiza shairi kila mwezi, mwaka wa pili huu. Yote yanahusu mwezi, kioo na mwanga. Hakuna hata moja lenye mtu ndani. Na nikipewa la mwenzangu kusoma, nalisoma kwa kuchekesha, kwa sababu chumba kikinyamaza naogopa. Naona kama kila mtu ananitazama na kunijua. Nilibana pua kwa sababu hiyo, si kwa sababu shairi lako lilikuwa la utani. Nimelijua hilo wiki hii tu.

Fundi wa lenzi


Ijumaa, tarehe 13 Machi

Mdogo wangu,

Marahaba. Una maswali kama daktari wa meno: unagonga palepale panapouma, kisha unauliza panauma?

Haya. Mwenye shati ni kaka yangu, wa tumbo moja. Tulizaliwa wawili tu. Mama alipozidiwa, yeye alikuwa kazini mbali, na barabara ilikuwa imekatika kwa mvua. Alifika siku mbili baada ya mazishi, viatu vimejaa tope mpaka ndani. Mimi nilikuwa sijalala wiki nzima. Alipoingia mlangoni, sebule imejaa watu, majirani, mashangazi, nikasema kwa sauti ya kufika barabarani: "Mama amekufa na mtoto mmoja." Alivua viatu, akaviweka nje, akakaa chini pamoja na wageni, kama mgeni.

Sijamsalimu tangu siku hiyo. Miaka sita. Mimi ndiye mdogo, mimi ndiye wa kuanza na shikamoo, najua, usinifundishe. Mwaka wa kwanza nilikuwa na hasira. Wa pili aibu. Kuanzia wa tatu sijui tena ni nini, kimeota mizizi.

Lakini, sikia ajabu hii. Kila Jumatatu analeta nguo hapa. Anapita madobi wawili njiani ili kufika kwetu. Anamkabidhi Bosi kaunta, hanitafuti, haniulizi. Mimi niko nyuma na mashine. Namjua kwa nguo zake tu. Nilijua alipoacha sigara. Nilijua alipokonda. Nilijua mwaka jana aliumwa mgongo, kwa harufu ya dawa ya kuchua. Na hicho kifungo, sikiliza, mimi mwenyewe kinanichosha akili. Kila wiki nakishona, kila wiki kinarudi kinaning'inia kwa nyuzi mbili. Nimebadilisha uzi. Nimebadilisha kifungo. Zile nyuzi hazijachakaa, zimekatika mkato safi. Labda mkanda wa begi lake unakikata.

Alikuwepo chumbani, ndiyo. Nilijua atakuwepo. Neno nililisema mbele ya watu, haliwezi kufutwa kwa kunong'onezana jikoni. Mwenyewe nisingeweza kusimama nikalisema. Niliposikia kuna mahali ambapo mtu mwingine anakusomea, nikasema hapo ndipo pangu. Kikaratasi cha kwanza nilikiandika acheke kidogo, alegee. Cha pili ndicho kilichonileta.

Ukakisoma cha kwanza peke yake. Watu wakamcheka, na yeye akacheka kuliko wote. Jumatatu mbili hizi hajaleta nguo. Miaka sita hakukosa hata moja.

Sikulaumu. Mwenye kubana karatasi kwa pini moja ni mimi.

Dobi


Jumatatu, tarehe 16 Machi

Dada yangu,

Shikamoo. Sikujua niseme nini, kwa hiyo nikafanya kitu, na nitakueleza kama kilivyo.

Neno la mbele ya watu lifutwe mbele ya watu. Sawa. Basi nikaona njia ni moja: kikaratasi cha pili kisomwe tarehe 28, palepale, na safari hii nisibane pua. Tatizo ni kanuni yetu ya nne: shairi likishasomwa halisomwi tena. Je, nusu ambayo haikusomwa imesomwa? Nililala na swali hilo na kuamka nalo. Jumamosi nikaenda kumuuliza mtunza maktaba, maana kanuni zote ni zake. Yeye ndiye aliyezitunga na ndiye anayekaa mbele na kushika kopo. Hukumkosa: yule mrefu, mpole, mwenye sweta la kijivu analolifunga mpaka shingoni hata jua likiwaka.

Sikumtajia jina lako, silijui. Sikumweleza habari za kaka yako. Nilimwambia tu kuna shairi lilisomwa nusu, mwenyewe ameumia, nifanyeje? Akaomba kuona hiyo nusu. Nikampa.

Alisoma amesimama kati ya rafu mbili. Alisoma muda mrefu sana, Dada, na ni mistari saba tu. Kisha akaniuliza, "Unaweza kuniachia?" Nikasema naweza. Akakipenyeza mfuko wa shati, chini ya sweta bila kulifungua, akaenda dirishani akasimama huko. Mtoto mmoja alikuja kuazima kitabu akamsubiri mpaka akachoka.

Naandika haya kwa haraka, kwa sababu nilipokuwa narudi nyumbani nilianza kufikiri juu ya lile sweta. Miaka miwili namwona mtu yule, na sijawahi kuona amevaa shati la rangi gani.

Niambie nimekosea.

Fundi wa lenzi


Ijumaa, tarehe 20 Machi

Wewe mtoto!

Hukukosea. Shati ni jeupe.

Kati ya watu wote wa mji huu, umeenda kumkabidhi yeye, mkono kwa mkono, kimyakimya kati ya rafu! Nilitaka asikie mbele ya watu. Sasa amesoma peke yake, atadhani nimetuma mjumbe kumbembeleza, kama mtu anayerudisha sufuria ya jirani kwa kumpenyezea mlangoni.

Jumatatu ya tatu hii, hajaleta nguo.

Usiniandikie wiki hii. Koti lako nimelipiga pasi kwa hasira, ukiona mikunjo imekuwa kama visu ndiyo sababu.

Dobi


Jumanne, tarehe 24 Machi
Kutoka meza ya mtunza maktaba

Kwa msomaji wetu, fundi wa lenzi,

Uliniuliza swali la kanuni na nilikawia kujibu. Naomba radhi, na naomba radhi pia kwa kukuandikia nyuma ya fomu ya vitabu vilivyochelewa. Ndiyo karatasi niliyokuwa nayo.

Uamuzi ni huu: nusu isiyosomwa haijasomwa. Na nusu iliyosomwa bila mwenzake haijasomwa pia. Shairi lote lisomwe upya tarehe 28, na wewe, kama mwenyewe ataridhia.

Kile kikaratasi sikurudishii. Nimekirudisha kwa aliyekiandika, kwa njia ambayo yeye na mimi tumeizoea.

Uliwahi kuniuliza, siku ile ukiondoka, kama shairi lilinichekesha kweli. Nilikujibu ndiyo. Ukweli ni kwamba nilikuwa nimekaa mbele, watu wote wananiona, na nilijua tangu neno la kwanza ni shati la nani. Mtu wa namna hiyo afanye nini? Hucheka.

Mtunza maktaba


Ijumaa, tarehe 27 Machi

Mdogo wangu,

Nilikukaripia. Nimekukosea, na wewe ulikuwa na nia njema, ila nia yako haina breki.

Jumatatu alileta nguo. Bosi aliponitupia lile furushi nilikaa chini kwanza. Shati moja, jeupe. Kwenye mfuko, kikaratasi changu, kimekunjwa mara nne. Hakuna neno aliloongeza. Nilikigeuza, nikakishika kwenye taa, hakuna.

Lakini sikia. Kifungo cha pili kimekaza. Kimeshonwa! Kwa uzi mweusi kwenye shati jeupe, kimepindapinda, mafundo kama ya kufungia mbuzi. Hiyo si kazi ya fundi. Kakishona mwenyewe.

Nimekitazama siku nne. Wewe mwenye maswali ya kifundi, ona kama una jibu lingine, maana mimi ninalo moja tu: ananiambia asante, sikuhitaji tena. Hata kifungo naweza mwenyewe. Nimelifua, nimelipiga pasi, kifungo sikukigusa. Alilichukua jana, Bosi anasema hakuuliza kitu.

Vikaratasi hivi hapa, viwili, kile cha kwanza ulichoniachia kaunta Jumatano pamoja na barua ya mtunza maktaba, na hiki. Safari hii nimevibana kwa pini mbili. Visome kesho kama alivyoamua. Deni la maneno nilikopa mbele ya watu, nalirudisha mbele ya watu, apokee asipokee. Ila mimi sitakuja. Nimeaibika kwenye chumba hicho mara moja, inanitosha.

Usibane pua.

Dobi


Jumatatu, tarehe 30 Machi

Dada yangu,

Shikamoo. Hukuwepo, kwa hiyo nitakuwa macho yako. Nitajitahidi nisipambe.

Walikuja watu kumi na saba. Mtunza maktaba alieleza kwamba kuna shairi lilisomwa nusu kwa bahati mbaya, na litasomwa lote. Mwalimu mstaafu akauliza kwa sauti, "Lile la makombo?" na watu wakaanza kucheka kabla sijafungua mdomo. Nilisoma kikaratasi cha kwanza kwa sauti yangu mwenyewe. Walicheka kidogo, nikawaacha wamalize. Kisha nikageuza karatasi na kusoma cha pili.

Nilipofika "Nilihesabu vibaya," chumba kilinyamaza. Ule ukimya ninaouogopa ulikuja, ukakaa, na sikuufanya kitu chochote. Nilisoma mstari wa mwisho, nikabaki nimesimama. Hakuna aliyepiga makofi. Yule mwalimu alikuwa anafuta miwani ambayo haikuwa na ukungu. Sikumtazama mtunza maktaba, nilijizuia, lakini nilisikia kiti chake.

Tukaendelea kuchota. Kopo lilipomfikia mwalimu, alitoa fomu ya vitabu vilivyochelewa. Akaisoma nyuma yake. Sikujua kwamba na mtunza maktaba huandika, Dada. Miaka miwili anashika kopo, sikuwahi kumwona akitumbukiza. Baadaye nilimwomba mwalimu aniachie karatasi, akaniachia, na nakuwekea hapa. Nanakili pia, isije ikapotea mfukoni:

Shati moja, jeupe, hufuliwa na asiyenisalimu.
Kifungo cha pili hakijawahi kulegea chenyewe.
Kila Jumapili nakaa kitandani na mkasi wa kucha,
nakata nyuzi mbili, naacha mbili,
kisha nalipeleka shati likiwa na shida ndogo
ambayo mkono wako unaiweza.
Wiki hii nimekishona mwenyewe.
Nimejidunga mara nne.
Sasa shati halina shida.
Mwenye shida ni mwenye shati.

Hakuna mkanda wa begi, Dada. Mkato ulikuwa safi kwa sababu ulikuwa wa mkasi. Miaka sita.

Aliyeanza kucheka ni kaka yako, pale kwenye "nimejidunga mara nne." Kicheko hiki hakikuwa kile cha mwezi uliopita, na wengine walikifuata polepole, kama watu wanaoingia nyumba wasiyoijua. Alikuwa amefungua sweta.

Tulipokuwa tunapanga viti aliniuliza kama najua mnafunga saa ngapi. Nikamwambia saa kumi na mbili, na Jumatano saa kumi na moja. Akasema, "Najua. Nilitaka tu kusikia mtu akisema."

La mwisho, langu. Niliandika shairi lenye mtu ndani. Ni kuhusu mwanamke ambaye uso wake siujui, anayepekua mifuko. Nililitumbukiza. Alilichota muuza magazeti, akalisoma vibaya kabisa, anakimbia kama anayefukuzwa na mbwa. Nilikaa kimya asinijue mtu, uso unawaka moto. Sasa najua unavyojisikia.

Fundi wa lenzi


Ijumaa, tarehe 3 Aprili

Mdogo wangu,

Marahaba. Nilisoma barua yako Jumatatu jioni nimesimama, kisha nikaisoma nimekaa. Mkasi wa kucha! Na mimi hapa nimebadilisha uzi mara nane, nimemlaani mwenye kiwanda cha nyuzi na watoto wake.

Jumanne hakuja. Jumatano, saa kumi na moja kasoro, Bosi aliniita: "Dobi, kuna mteja, hana furushi." Nikatoka nimejifunga aproni, mikono ina sabuni.

Amesimama kaunta, sweta mkononi. Nywele zimekuwa nyeupe upande mmoja; siku ile maktaba nilimsikia tu, sikuthubutu kumtazama. Nguo haziniambii kila kitu, kumbe. Nikasema, "Shikamoo." Ilitoka kama mtu anayekohoa. Akasema, "Marahaba." Bosi akajifanya anapanga hanga.

Nikamuuliza, "Nguo iko wapi?"

Akasema, "Nimeivaa."

Nikanyanyua ule ubao wa kaunta, akapita, akaja nyuma, akasimama karibu na pasi kama mtoto anayepimwa shati la shule. Nikautoa ule uzi wake mweusi, fundo kwa fundo, ulikuwa mgumu kama waya. Nikatunga mweupe, maradufu. Sindano ilikuwa karibu na kifua.

"Usipumue, kaka," nikamwambia.

Akapumua.

Dobi